Jina la Kajukuu Ketu

Mdogo wangu,

Basi simu ilipokatika nilikuwa nakwambia, kajukuu ketu kalikozaliwa kabla ya siku zake kametoka kwenye kile kisanduku cha kioo hospitali! Leo kako nyumbani. Baba yake, yule mkwe wangu mwalimu, kakaita Comfort. Linaanza na C, usije ukaandika K.

Nikamwambia, "Baba, si ndilo jina la godoro langu?"

Akacheka mpaka machozi. Kumbe ni faraja kwa Kiingereza, ila asili yake ni Kilatini, kutia nguvu. "Mama, kila alipovuta pumzi, sisi ndio tuliopata nguvu."

Mwenzio nililia! Na bado sijamgusa, tulikuwa tunamchungulia tu kwenye... Ngoja, mwanangu ananiita: "Mama, weka kalamu, njoo umbebe!"