Aliyeishusha Ile Pikapu

Ndugu yangu Luhende,

Tangu tukuzike Songwa, gereji haijakaa sawa. Asubuhi hakuna tena mtu wa kuziamkia gari kwa "mwangaluka" ya Kisukuma kabla ya kuingia chini yake. Nilikuwa nakucheka. Juzi nimejikuta nimesema mwenyewe, mteja akabaki ananitazama.

Nakuandikia kwa sababu nimemkosea mtu kwa ajili yako. Tena nimegundua jambo juu yako.

Unakumbuka yule mteja wetu tajiri alivyoileta pikapu yake ya bluu, akitaka tuishushe mbele. Nilipomuuliza sababu alisema gari iliyoinama inapendeza. Sikumwamini. Mtu anayekwenda na kurudi machimbo ya Bugarama, kwenye barabara ile ya mashimo, hatafuti gari ya kupendeza. Pikapu ikibeba mzigo mzito nyuma, pua inainuka, na askari wa kizuizini anaiona pua kabla ya kumwona dereva. Ukiishusha mbele inakaa sawa, kama iliyobeba magunia ya pumba tu. Nilikunong'oneza kwamba chini ya hizo pumba atapakia mawe ya dhahabu. Ukasema sisi ni mafundi, si askari.

Wewe ndiye uliyenifundisha tosheni, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari kwa kujipinda badala ya springi. Tuliinua gari kwa jeki, tukalegeza bolti zake moja moja, wewe ukihesabu mizunguko kwa sauti. Wa nne ukatoa spana. "Basi. Ukizidisha hapa unaua mtu." Tukaishusha, tukaisukuma mbele na nyuma ikae, tukapima kutoka katikati ya gurudumu hadi madigadi, kulia na kushoto. Tajiri aliangalia, akalipa, akaondoka.

Siku tatu baadaye akaja kukuomba uende safari naye na dereva wake, eti gari inalia mbele. Nilikukataza. Ukanijibu kwamba unakwenda ili asiichezee kazi yako.

Kisha zikaja habari. Mmevuka kizuizi, mmefika kwenye kalavati, mbele ikapiga chini, gurudumu la kushoto likalala, gari ikapinduka. Mabula dereva akavunjika mkono. Tajiri alitoka bila hata mchubuko. Wewe ulikuwa umekaa juu ya mzigo.

Mabula alikuja mazishini mkono ukiwa umefungwa plasta. Nikasimama mbele ya watu wote, mbele ya mke wako Mama Kulwa, nikasema, "Huyu ndiye aliyezifungua bolti." Aliinamisha kichwa, hakujibu. Nikaona ndiyo dalili yenyewe. Shemeji zako hawakumpa hata mahali pa kukaa. Mama Kulwa mpaka leo jina la Mabula halitaji.

Nilitaka ushahidi. Nikaenda kituoni walikoivuta ile pikapu, nikamwomba askari anipishe dakika chache. Nikalala chini. Bolti zilikuwa zimelegezwa karibu kufika mwisho, mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele imekalia raba zake mpaka zimepasuka. Nisamehe, nilifurahi. Nikasema nimempata.

Halafu nikaona waya.

Juu ya kila nati kulikuwa na waya wa kufungia, umezungushwa mara mbili, ncha imekunjwa kwa ndani. Mji mzima huu najua mtu mmoja tu anayeikunja ndani, isimchane mkono fundi atakayekuja baadaye. Nikahesabu nyuzi za bolti zilizobaki nje, kulia na kushoto. Zilikuwa sawasawa. Mtu wa hila asingehangaika hivyo. Nilibaki pale chini mpaka askari akauliza kama nimezimia.

Nikamfuata Mabula kwake Kolandoto. Alinikaribisha, akanipa kiti, ambacho sisi hatukumpa. Akanieleza kwamba mzigo ulizidi. Kabla ya kizuizi tajiri alisimamisha gari, akataka uishushe zaidi, ukakataa. Akakuvuta pembeni mkaongea. Uliporudi ukaomba jeki. Ulimwambia Mabula utaipandisha mkishavuka. Mlipovuka Mabula alisimamisha gari ili ushuke uipandishe, tajiri akasema twende, mbele kuna kizuizi kingine. Nawe ukamwashiria aende.

Nikamuuliza kwa nini mazishini alinyamaza. Akasema, "Marehemu nimseme siku ya kuzikwa kwake?"

Alikuahidi nini, Luhende? Nawaza labda sehemu kwenye duara lake, lile shimo la dhahabu la Bugarama ulilokuwa ukiliulizia mara kwa mara huku ukijifanya unaongea tu. Labda alikutisha. Mabula hakusikia, na tajiri hatanieleza. Mwezi uliopita alikuja gereji kunipa pole, nje ameegesha pikapu nyingine, nyeupe. Anataka ishushwe mbele. Nilipokataa akatabasamu. "Mwenzako alikuwa mwelewa." Maneno hayo yananinyima raha. Mteja akiniletea gari siku hizi, namtazama kwanza mwenyewe, ndipo niitazame gari. Hata wewe, nikikumbuka ulivyokuwa ukicheka, najiuliza ulikuwa unacheka nini.

Lakini najua ulikusudia kuipandisha. Hilo silitilii shaka.

Nimemwomba Mabula radhi kwake nyumbani. Haitoshi, maana nilimtukana mbele ya watu. Jumapili hii nakwenda Songwa. Nitamwambia mke wako na shemeji zako kwa kinywa changu mwenyewe ni nani aliyeishusha ile pikapu, na ni nani aliyesingiziwa. Watanichukia, pengine Mama Kulwa asinipokee tena. Nawe utanung'unika huko uliko kwamba nimekuumbua. Nung'unika, ndugu yangu. Nakuahidi nitalisema lote, na jina lako nitalitaja kwa upendo uleule.

Lala salama, Luhende. Mabula nimemwomba tuende pamoja. Akauliza basi linaondoka saa ngapi.

Mwenzako,
Masunga