Makochi Yetu Nyumbani kwa Jirani

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nimesema uongo wa neno moja tu, "ndiyo", na kwa neno hilo mtoto wa jirani yetu amekosa shule na mdogo wangu ameipata. Hili sijamwambia mtu, hata kwenye sala nalizungukazunguka tu. Nimemaliza shule juzijuzi, na mimi si mtu wa kuongea, darasani nilikuwa naulizwa swali ninalolijua naishia kutazama dawati, kwa hiyo naomba unisamehe kama maneno yatanitoka yote kwa mkupuo, nikisimama nitashindwa kuendelea.

Nilisoma shule binafsi kwa ufadhili. Ni shule ya watu wenye uwezo, wenzangu walikuwa wanashushwa getini na magari, ila huwa inachukua watoto wachache ambao kwao hali ni ngumu, na nafasi hizo haziongezwi, mmoja akimaliza ndipo mwingine anaingia. Nilipoingia mimi tulikuwa hatuna kitu kweli, naapa, baba alikuwa kibarua wa kubeba mizigo, tulilala wote chumba kimoja na mvua ikinyesha tunasogeza godoro. Baadaye baba akajifunza kuchomelea, akaanza kutengeneza mageti na madirisha, sasa ana karakana yake na vijana wa kumsaidia, tumehamia nyumba nzuri, tuna makochi, tuna friji, tuna televisheni kubwa mpaka mama anatania kwamba wale watu wa ndani ndio wanaotuangalia sisi. Sharti la ufadhili ni kwamba familia ikipata nafuu ijitokeze yenyewe iseme, ili nafasi iende kwa mwingine. Sisi hatukusema. Mama alikuwa akiniambia, "Umaskini haujatuaga, umetoka tu kupunga upepo. Ukirudi utatukutaje?" Na mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naipenda ile maktaba, na nilikuwa naogopa kuanza upya mahali nisipojulikana.

Shule hutuma watu kutembelea nyumba za wanaofadhiliwa na za waombaji waliokwisha kufaulu mtihani wa kuingia, waone watu wanaishije. Siku ya ziara mama hufanya jambo ambalo hata kuliandika nasikia uso unawaka. Asubuhi vijana wa karakana hubeba makochi, friji na televisheni, wakapita mlango wa uani mpaka kwa jirani yetu, halafu sisi tunatandika mkeka sebuleni na mimi navaa gauni lililochanika kwapani. Baba hapendi. Husema, "Mimi mchezo wa kuigiza na makochi simo," anachukua koti lake la kazi anaondoka, lakini hazuii.

Jirani mwenyewe ni mshonaji, anamlea binti yake peke yake katika chumba kimoja, mtaa mzima tunamwita Mama Cherehani, na binti kwa wembamba wake anaitwa Sindano, na mwenyewe huitika akicheka. Mama Cherehani hana maneno mengi. Mara ya kwanza mama alimwambia tunapaka rangi, mara ya pili tunapiga dawa ya mende, mwishowe akachoka kutunga akawa anasema tu, "Shoga, tunaleta," na yeye anasogeza vitambaa vyake bila kuuliza.

Mwaka huu nilipomaliza, nafasi yangu ikabaki wazi, mama akamwombea mdogo wangu. Safari hii shule iliamua kuja bila kutoa taarifa, ila kuna desturi kwamba anayemaliza ndiye huwaongoza wageni, maana nyumba za kwetu hazina namba, kwa hiyo mimi niliambiwa siku, nikakatazwa kuisema, na jioni ileile nikamnong'oneza mama.

Tukaanza kwetu. Mwalimu wa malezi akaniambia nisubiri nje kwa kuwa ni nyumbani, nikasubiri, wakatoka wakiwa na huruma usoni, mhasibu wa shule akanipiga bega akasema, "Pole binti, mmevumilia." Kisha mwalimu akauliza, "Mshonaji anakaa wapi? Naye ana mtoto aliyeomba." Hatukujua. Mama Cherehani alikuwa amemwombea Sindano kimyakimya, alitaka ajibiwe kwanza ndipo aseme, na wakati huo vitu vyetu vyote vilikuwa chumbani kwake.

Nilitaka kusema hayupo. Lakini cherehani ilikuwa inasikika mpaka barabarani.

Tulipoingia hapakuwa na pa kukanyaga. Kochi moja limepandishwa juu ya jingine, friji limesimama kando ya kitanda, waya wake umezungushwa nyuma haukuchomekwa popote, televisheni iko juu ya meza ya kukatia nguo. Mhasibu akacheka akasema, "Mama, hapa kwako pazuri kuliko kwangu!" Mama Cherehani akasimama, akasema, "Karibuni, hivi vitu kwa kweli..." halafu akanyamaza, akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake apite kwanza mlangoni. Mhasibu naye akanigeukia, "Wewe ni wa mtaa huu, hivi ni vyao?" Nikasema, "Ndiyo."

Mama Cherehani akaketi. Hakusema neno jingine mpaka wageni walipotoka, ndipo akaniambia, "Mwanangu, mwambie mama yako waje kuchukua vitu vyao, nataka kutandika chini nikate kitambaa." Afadhali angenitukana.

Majibu yalipotoka, jina la mdogo wangu likawemo. Mama alipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Aliposikia kwamba Sindano naye alikuwa ameomba alisema, "Maskini, Mungu atamfungulia kwingine," na hakuuliza zaidi, nadhani hakutaka kujua. Halafu, mshauri, akachukua kitambaa cha sare ya mdogo wangu akakipeleka kushonwa kwa Mama Cherehani, eti tumuungishe jirani. Nami nikaambiwa niende naye akapimwe. Mama Cherehani alimzungushia futi kifuani, akamwambia, "Simama vizuri, mwanafunzi," na Sindano ndiye aliyekuwa ameshika pini.

Tulipokuwa tunatoka Sindano akanifuata nje. Akaniuliza, "Dada, wewe umesoma kule. Hivi nilikosea wapi kwenye ule mtihani wa kuingia? Nilidhani hesabu nimezipata." Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi labda kichwa changu ndicho hakiwezi. Mama anasema nijifunze kushona kanzu." Akacheka, lakini alikuwa ameshikilia mlango.

Sasa nimefika hapo na sijui la kufanya. Shule inafunguliwa karibuni. Nikisema ukweli nitamwaibisha mama mtaa mzima, baba ataonekana tapeli na yeye anatafuta riziki yake kwa jasho, mdogo wangu ameshaanza kuwaringia wenzake atanichukia, na mwalimu wa malezi alikuwa ananisifu kwa wote kwamba mimi ni mkweli kwa sababu tu siongei. Nikinyamaza, kila nikisikia ile cherehani natamani kuziba masikio. Nimewaza nimnunulie Sindano vitabu. Nimewaza niondoke niende kwa shangazi nisiione tena nyumba ile. Nisaidie, ila nakuomba usiutaje mtaa wetu wala shule yetu, na wewe mwingine unayesoma hapa, kama umetutambua, nakusihi usimwambie mama, iache siri hii ibaki kati yetu.

Binti wa Fundi Mageti

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia mama yako, mara ya pili nikakukasirikia wewe, na sasa hasira imepoa ndiyo maana naandika.

Kwanza acha kusema "neno moja". Ulitoa siku uliyokatazwa kuitoa. Ulivaa gauni lililochanika ukijua zima liko kabatini. Uliwaongoza wageni kwa miguu yako mwenyewe. Hayo yote ni yako, yabebe. Lakini usijibebeshe na yasiyo yako: mtu mzima aliyetumwa kufanya uchunguzi hakupaswa kumgeukia binti wa watu na kumwuliza mbele ya jirani yake. Aliona friji lisilochomekwa popote na makochi yaliyopandana kama mizigo ya stoo, akafanya mzaha. Wakuu wa shule mnaonisoma, hili ni lenu. Mkipima shida ya mtu kwa kutazama sebule, mtawapa nafasi wanaojua kuigiza, na wenye haya mtawapita. Kaeni na mzazi, mwulizeni anaishije, na msikimbilie mlango unaofuata.

Mama yako simtukani. Mtu aliyewahi kusogeza godoro mvua ikinyesha hasahau, hata akilalia kitanda cha chuma. Anaogopa, na woga wake naufahamu. Ila woga haumpi ruhusa ya kukalia kiti cha mtoto mwingine. Na tuseme wazi, mdogo wako hatakosa shule. Baba yako ana karakana. Anaweza kumlipia hukohuko, na akiona ni nzito, kuna shule ya serikali, wamo humo watoto wanaosoma na kufaulu. Sindano yeye hana mlango wa pili wa kugonga. Hiyo ndiyo tofauti, na usikubali mtu akuchanganye.

Vitabu usimnunulie. Utakuwa unajinunulia usingizi. Kwa shangazi usiende.

Fanya hivi. Leo, kabla ya jambo lolote, mwite Sindano umwambie kwamba mtihani hakuushindwa. Mtoto akishaamini kwamba kichwa chake hakiwezi, hata ukimfungulia shule nzima anaweza kukataa kuingia. Atakuuliza umejuaje. Mwambie utamweleza yote na kwamba kosa si lake. Usianze kulia mbele yake, maana ukilia atalazimika kukubembeleza, na hilo si jukumu lake.

Kisha nenda karakana, si nyumbani. Zungumza na baba yako. Wewe umemwona kama mtu asiyehusika kwa kuwa huchukua koti akaondoka. Binti, kuondoka huko ni kujua. Lakini pia ni dalili kwamba jambo hili linamchoma, na huenda anangoja mtu wa kulianza. Usimwombe ruhusa ya kusema ukweli. Mweleze kwamba unakwenda shuleni, na mwulize kama atafuatana nawe. Akikubali, mtamweleza mama pamoja, na baba yako ndiye atangulie kusema, kwa sababu ninyi watoto hamkubeba yale makochi. Akikataa, mweleze mama mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Atalia. Atasema umemvua nguo hadharani. Msikilize mpaka amalize, usijibizane naye, na asubuhi uende vilevile.

Ukifika kwa mwalimu wa malezi usiandae hotuba. Sema, "Vitu mlivyoviona kwa mshonaji vilikuwa vyetu, tulivipeleka sisi, nami nilidanganya." Inatosha. Omba Sindano atembelewe upya na nafasi irudishwe mezani. Siahidi kwamba watakushukuru. Wanaweza kukasirika, wanaweza hata kukufutia zile sifa walizokuwa wanakupa. Mtu hawezi kuzikosa sifa ambazo hazikuwa zake.

Halafu umebaki mlango mmoja, na najua ndio unaouogopa kuliko yote. Nenda kwa Mama Cherehani umwombe msamaha, peke yako, ukiwa umeshatoka shuleni, siyo kabla. Kabla yake ungekuwa unamwomba akutue mzigo na hali bado mtoto wake yuko nje. Mwanamke yule alikuwa na nafasi ya kusema na hakusema, akakuachia wewe. Usitarajie akusamehe haraka. Akitaka kukukaripia, kaa ukaripiwe.

Umeniomba siri. Mtaa sikuutaja, shule sikuitaja, na sitaitaja. Lakini siri hii, binti yangu, nyinyi mnaijua wote na anayeilipia ni mtoto pekee ambaye hajui kwamba ipo. Siri ya namna hiyo mimi siitunzi.

Unasema wewe si mtu wa kuongea. Sawa, na hapa hapahitaji maneno mengi. Ukifika kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu, mkono utakuwa mzito na utakumbuka kazi kumi ulizoziacha nyumbani. Gonga kwanza. Utaogopa ukiwa ndani.