Jirani wa Kitanda cha Pili

Chișinău, 21 Machi 1994

Mama mpendwa,

Hujambo? Baba na ng'ombe wazima? Mimi nimelazwa, wodi ya wazazi. Daktari kaniamuru nisiinuke kitandani mpaka nijifungue, nisije nikampoteza na huyu kama wale wawili. Hata kukohoa naogopa. Kuomba nimeacha, mama. Nitasema nini tena?

Jirani yangu, Ludmila, mwalimu kutoka mji wa Soroca, naye mimba zimemharibikia, lakini kila asubuhi anaimba zaburi. Nikamwambia, "Dada, Mungu si kiziwi." Akacheka: "Yeye siyo. Mimi ndiye msahaulifu, naimba nijikumbushe."

Binti yako,
Dorina

Cotova, 2 Aprili

Dorina mwanangu,

Sisi wazima, na ng'ombe anakula kama askari. Nataka kuja, lakini petroli hakuna, basi halitembei. Mumeo Grigore anapanda vitunguu, haongei na mtu.

Usijilazimishe kuomba. Nitakuombea mimi. Msalimie huyo mwimbaji.

Mama yako

Chișinău, 16 Aprili

Mama,

Natumaini hujambo. Mtoto wa Ludmila amezaliwa mfu. Aliporudi kuchukua vitu vyake nilijifunika blanketi gubigubi, nikilionea aibu tumbo langu. Akanifunua uso.

"Niruhusu nimwombee wako."

"Unawezaje, dada?"

"Siwezi. Nimemgombeza Mungu mpaka sauti imenikauka. Lakini nikimwacha Yeye, niende kwa nani?"

Akaniwekea mkono tumboni, akaomba huku analia. Alipotoka, na mimi nikaomba, neno moja tu: mshike.

Mama, kiuno kimeanza kukata. Wauguzi wanakuja. Nampa mfagiaji barua hii aitie posta.

Dorina wako

Cotova, 27 Aprili

Dorina, u mzima?

Barua yako imefika, na baada yake kimya. Karani wa posta akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Nilikuahidi kukuombea, na sasa maneno yameniishia. Jana nilipiga magoti nikayaazima ya mwenzako: nikikuacha Wewe, niende kwa nani? Nikapata nguvu ya kusimama, nikaenda kupalilia.

Andika, mwanangu, hata mstari mmoja.

Mama yako

Chișinău, 3 Mei

Mama,

Kristo amefufuka! Pasaka njema. Nisamehe, homa ilinilaza, kalamu haikushikika. Una mjukuu wa kike. Mdogo mno, yumo kwenye kisanduku cha joto, na madaktari hawaahidi kitu. Maziwa yangu yamegoma kutoka.

Ludmila, aliyefikia kwa dada yake hapa mjini, akasikia kwa muuguzi. Akaja, akasimama mlangoni. "Yangu yamejaa," akasema, "na mwenyewe hayupo. Wako atayakubali?"

Nikamkumbatia. Tangu hapo haijapita siku bila yeye kuja. Anakamua, analia, anaimba. Mimi nashika kikombe, naitikia kwa sauti yangu mbovu. Muuguzi anamdondoshea mtoto tone kwa tone.

Bado naogopa, mama. Lakini leo asubuhi amemeza, akakunja uso, akalia kwa hasira akitaka zaidi.

Binti yako,
Dorina