Bangi ya Baba Mkwe

Kambini, Iringa
3 Februari 1956

Mama Asukile, mke wangu,

Nakusalimu wewe, mtoto na baba. Mwili wangu ni mzima, ila moyo hautulii. Kifua cha baba kinaendeleaje? Na lile jino lako?

Hapa mambo yamegeuka. Niliingia jeshi la Keya nikidhani nitalinda mipaka, sasa tumepewa kazi ya kuwasaidia polisi kung'oa bangi. Juzi tulikizingira kijiji kimoja cha milimani, ng'ambo ya Kihesa, tukiwa na bunduki, kwa ajili ya miche ya bibi mmoja. Alitushika mikono akituita wajukuu. Tukaing'oa, tukaichoma. 

Sasa sikiliza. Mwezi ujao kikosi kinakuja Mbalizi. Unajua kilichopandwa nyuma ya mahindi ya baba. Wakikikuta, mzee anakwenda jela, na kwa kifua kile atafia huko. Mwambie aing'oe yote upesi. Mimi siwezi kumwandikia, maana barua zake anasomewa na Mwinjilisti Abrahamu, na Abrahamu hana siri.

Mumeo,
Lutengano

Mbalizi
17 Februari 1956

Baba Asukile,

Salamu zimefika. Jino limeng'olewa, mtoto anakula, mvua inatosha. Kifua cha baba bado, namsikia akikohoa huko kwake.

Lakini wewe mwanaume, jeshi limekula akili zako? Eti mwambie. Nimwambie vipi? Tangu unioe sijauona uso wa baba yako, wala jina lake halijatoka kinywani mwangu. Akija huku, mimi napita kule. Wahehe wa hapo kambini wakisahau mwiko huu nitawasamehe, ila wewe ni Mnyakyusa. Mama angekuwa hai ningempa yeye ujumbe. Tangu afariki maneno yangu anayapeleka Marta, na Marta amekwenda Tukuyu kumzika shangazi yake. Jirani mwingine ni tarishi wa jumbe, huyo simtumi.

Nimejaribu. Juzi nilimsikia baba akipita nyuma ya ua, nikaanza kumsemesha mbuzi kwa sauti: we mbuzi, askari wanakuja, kang'oe ulichopanda. Akasimama kidogo. Kisha nikasikia anamwambia tarishi kwamba mkwe wake kachoshwa na yule mbuzi, bora achinjwe. Nilicheka peke yangu mpaka nikaanza kulia. Nifanye nini?

Mkeo,
Mama Asukile

Iringa
28 Februari 1956

Mama Asukile,

Habari za huko? Mimi siwezi kusema ni nzuri. Nimeomba ruhusa, efendi, mkubwa wetu, amekataa. Kikosi kinaondoka kuja huko na mimi nimebakizwa.

Usimngoje Marta. Baba akienda sokoni, ingia shambani kwake uing'oe mwenyewe. Najua mkwe hakanyagi pale. Ni mimi ninayekutuma, nikirudi nitayamaliza na wazee. Fanya haraka, nakusihi.

Mumeo,
Lutengano

Iringa
20 Machi 1956

Mke wangu Damari,

Uko wapi? Mtoto yuko na nani? Hujanijibu.

Liberatus, rafiki yangu, amerudi kutoka Mbeya. Tulikuwa tunakula ugali, akatusimulia juu ya mwanamke waliyemkuta shambani juu ya Mbalizi, bangi imemjaa mikononi. Waliuliza shamba ni la nani, akajifunika kanga kichwani, hakutamka jina. Wakamwita mjeuri, wakamtia garini. Mtoto wake akabaki barabarani akilia. Kambi nzima ilicheka. Nikamrukia Liberatus, ikabidi tutenganishwe, na sasa natumikia adhabu. Sababu sikuisema.

Damari, na mimi nimewahoji wake za watu hivyohivyo, nikawaita wajeuri. Nina hofu. Andika neno moja tu.

Lutengano wako

Mbalizi
9 Aprili 1956

Baba Asukile,

Niko nyumbani na mtoto ninaye, Marta aliporudi alimchukua. Pole kwa adhabu. Kamwombe radhi Liberatus. Angejuaje?

Kule mahabusu kila siku waliuliza shamba la nani, nami kimya. Wewe utadhani nilikuwa namficha baba. Jina lenyewe halikutoka, Lutengano, hata nilipomfikiria mtoto. Siku ya baraza nikasikia kikohozi mlangoni, nikajifunika. Baba akasema shamba ni lake. Bwana mkubwa, yule Mzungu anayehukumu, hakumwamini, alidhani mzee anataka kuniokoa tu. Akaniamuru nimtazame, niseme kama ndiye. Nikainamia chini. Watu wa kwetu wakaanza kunung'unika, wengine wakageuza nyuso.

Baba akaja akasimama mbele yangu. Akasema, "Damari, mwanangu, nitazame. Ninayekuruhusu ni mimi."

Nikafunua kichwa. Ana macho kama yako. Miaka yote hii sikujua. Nikasema ndiye.

Amefungwa miezi sita, Mbeya mjini. Mimi wameniachia. Kila Jumamosi nampelekea uji, tunaongea uso kwa uso, na wafungwa wa kwetu wanatupa kisogo kwa aibu. Sasa anakohoa damu. Hanilaumu, na wewe hajakulaumu. Ila Jumamosi iliyopita aliniuliza kama mwanawe bado anang'oa bangi za watu. Nilimwambia nitakuuliza.

Nimwambie nini?

Mkeo,
Mama Asukile