Bui ya Wagonjwa Wasio na Mtu

Mama Kavira,

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike, na mpaka leo sijaandika neno hata moja juu yako. Watu wananiuliza. Kwenye blogu yangu wamezoea kusoma habari za asosiasio, za wamama wanaojitolea, za vijana wanaozibua mitaro ya mtaa wa Mapendo hapa Goma mvua ikinyesha, na wanajua kwamba jina lako lilitajwa humo kuliko la mtu yeyote. Wanasema: Riziki, mbona kimya? Nimejaribu. Kila nikianza kuandika "alikuwa", mkono unakataa. Basi nimeona afadhali nikuandikie wewe mwenyewe. Wao wakisoma, wasome kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye matanga: anapunguza sauti, anapita.

Najua ungeuliza kwanza habari za wagonjwa. Wapo, Mama. Ile sali ya mwisho, wodi ya waliovunjika mifupa, imejaa mpaka mlangoni. Na bado ni vilevile: hopitali inatoa kitanda na dawa, chakula kinatoka nyumbani. Mwenye ndugu analetewa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Asiye na ndugu anasikia harufu ya sahani ya jirani, anageukia ukuta. Hao wa ukutani ndio uliowachagua kuwa watu wako, wewe na wamama kumi wa mtaa wa Majengo, na bui yenu, uji wa mahindi, mtama na soya.

Unakumbuka nilivyokuja? Nilivaa viatu vyeupe. Nilikuwa natafuta habari ya kuandika, na mtu alikuwa ameniambia kuna mama mmoja wa Kinande, mzaliwa wa Butembo, huko Majengo, anayelisha wagonjwa asiowajua. Nilikukuta uani, moshi umekujaa machoni, unakoroga sufuria kubwa kuliko mimi. Nikatoa telefone nianze kukurekodi. Ukaniangalia, ukasema: "Telefone inashikwa na mukono moja. Ule mwingine unipe." Ukanitilia ndoo mkononi. Siku ile nilitembea kutoka Majengo mpaka hopitali na bui ya moto inanimwagikia kwenye viatu vyeupe, wewe mbele yangu unasalimia kila mtu njiani. Sikurekodi kitu. Nilirudi nyumbani mabega yananiuma, nikalala kama jiwe.

Kesho yake nilirudi tena. Hukushangaa. Ulinipa ndoo ileile.

Kuna jambo hatukuwahi kulizungumza tena baada ya kwisha, na sasa nataka kulisema. Ni ile foto ya bibi aliyetoka kijijini Kibumba.

Alikuwa amevunjika nyonga. Watoto wake walitawanyika wakati wa kukimbia vita, hakuna aliyejua wako wapi. Alikuwa hasikii Kiswahili vizuri, ndiyo maana ulinipeleka kwake: nyumbani kwetu tunasema Kinyarwanda, ukasema hiyo nayo ni kazi, kuongea na mtu kwa lugha ya mama yake. Nilikuwa namlisha kwa kijiko. Jua lilikuwa linaingia dirishani, linampiga usoni, na mimi nikaona uzuri. Nikampiga foto kinywa kikiwa wazi, kijiko kikiwa njiani. Sikumwuliza. Niliiweka kwenye blogu jioni ile na watu wakaisambaza kuliko chochote nilichowahi kuandika. Walilia, walinisifu, mmoja alileta magunia ya unga mpaka uani kwako.

Siku ya pili bibi alikataa kula. Siku ya tatu pia. Muuguzi mmoja alikuwa amemwonyesha ile foto, kwa nia njema kabisa.

Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza. Ulinishika mkono, ukanikalisha kwenye ukingo wa kitanda chake, ukasema: "Muombe pardo kwa Kinyarwanda yenu. Miye sitatoka hapa." Nikaomba. Akausikiliza msamaha wangu mpaka mwisho, akanijibu, na wewe ukanitaka nikutafsirie neno kwa neno, ingawa uso wangu ulikuwa unawaka. Alisema hakatai foto. Alisema ana kitambaa kizuri cha kichwa ndani ya mfuko wake, na angeweza kukivaa. Alisema yeye ni mke wa mtu, amelima mashamba yake miaka yote, amelisha wageni wasiohesabika nyumbani kwake, na sasa dunia nzima inamjua kama kinywa.

Nilifuta foto mbele yake. Wewe ukachukua kikombe, ukampa akishike mwenyewe. Akanywa.

Tulipotoka nje ulisema neno moja tu: "Mutu analishwa akule, hapana aangaliwe." Tangu hapo nilijifunza kuandika upya, Mama. Niliandika polepole. Wasomaji wengi waliniacha.

Kisha ikaja ile wiki ya masasi, vita vilipoingia mjini. Sitaisimulia, kila mtu wa Goma anayo yake. Nakumbuka tu kwamba bomba zilikauka ukapika kwa maji ya mvua, na wagonjwa walilala sakafuni mpaka kwenye baraza, na wewe uliruka miguu ya watu na ndoo kichwani ukisema "pardo, papa, pardo, mama," kana kwamba unaingia nyumbani kwao. Kichwa kilikuuma siku zile zote. Ulikifunga kwa kitambaa. Tulikuambia uende upimwe tansio, presha ya damu, ukasema hopitali imejaa, hutaki kumchukulia mtu nafasi.

Asubuhi uliyokufa nilipita kwako. Intaneti ilikuwa bado imekatika mjini, nikakuambia navuka mpaka, nakwenda Gisenyi kutuma makala yangu. Ulikuwa unafunga kikwembe, kitenge chako cha kanisani, unajiandaa kwa misa. Ukasema: "Nenda, utanikuta."

Makala ile ilikuwa inakuhusu. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya watu, ng'ambo ya mpaka, natafuta neno linalofaa la kueleza unavyocheka, wakati wewe umeanguka mlangoni pa kanisa. Nilivuka kurudi saa nane mchana nikakuta Mama Jeanne, mmoja wa wale wamama kumi, ananisubiri kwenye bariere ya mpaka. Alikuwa amevua viatu kama mfiwa. Nikajua.

Sikukukuta, Mama.

Ndugu zako walitaka kukupeleka kwenu Butembo, lakini njia ilikuwa imefungwa. Tulikuzika hapa, kwenye mawe ya volkano. Wanaume walichimba kwa mitarimbo kuanzia alfajiri, wakipokezana, na kila mtarimbo ukigonga jiwe nilishtuka. Wagonjwa walikuja. Waliokuwa na magongo walikuja na magongo. Papa mmoja alikuja amevaa shati la hopitali, amebebwa kwenye chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, kama gunia la makaa, na alikataa kushushwa mpaka kaburi lilipofunikwa. Ungemgombeza, halafu ungemtafutia kiti.

Sasa nikuambie yaliyofuata, maana hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijui ungelionaje.

Wiki chache baada ya matanga, unga uliisha. Wamama walileta kila mmoja alichokuwa nacho, na hicho nacho kikaisha. Siku mbili sufuria haikupanda motoni. Siku ya tatu akaja bwana mmoja wa shirika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma yale niliyoandika juu yako ungali hai, na alipolitaja jina lako sauti yake ilishuka. Akasema shirika lao liko tayari kutoa unga kila mwezi, makaa ya kupikia, hata gari la kubebea ndoo. Tulipiga makofi. Kisha akaeleza kilichobaki: kila mgonjwa atakayekula arekodiwe video, ataje jina lake na anakotoka, ashukuru. "Wanaotoa wako mbali," alisema. "Wanataka kuona nyuso."

Wamama walinigeukia. "Wewe ndiye wa mambo ya mitandao," walisema, "tuambie."

Nikaanza kusema juu ya heshima, nikataja jina lako. Mama Jeanne akanikata. Unamjua anavyosimama akikasirika, mikono kiunoni. "Kavira alikufa na heshima yake," alisema. "Sasa tumbo ya bagonjwa itajaa heshima?"

Nikaomba muda mpaka mchana, nikaenda hopitali. Nilipita kitanda kwa kitanda nikawaeleza yote, bila kuficha unga wala video. Papa wa chukudu aliyevunjika mguu akacheka, akasema: "Miye nakubali, lakini ninyoe kwanza." Wengine wawili wakakubali. Mama mmoja kijana aliyekatwa mkono alitikisa kichwa kukataa. Na kulikuwa na muzee wa Masisi, mfugaji, ambaye alianza kunijibu vizuri kabisa. "Nyumbani niko na ng'ombe," akasema. Akajisahihisha. "Nilikuwa na ng'ombe. Batoto yangu bakiniona hivi..." Akajifunika shuka usoni. Nami sikumwomba amalizie.

Nilirudi uani nikamwambia yule bwana: wanaotaka watarekodiwa, wakishajiandaa wenyewe. Wasiotaka nao watakula. Akasikitika kwa kweli. Alisema mradi hauruhusu hivyo, ni wote au hakuna. Nikasema basi hakuna. Nilisema mbele ya wamama wote. Gari likaondoka.

Hatukupika siku ile. Wala iliyofuata. Nataka ulisikie hili kutoka kwangu mwenyewe kabla hujalisikia kwa mwingine yeyote huko uliko: watu walilala na njaa kwa sababu ya neno langu. Muzee wa Masisi pia. Niliandika kwenye blogu, bila foto, nikaomba unga. Watu walinitumia vipicha vya mioyo na mikono ya kusali. Mioyo ile haipikiki.

Aliyetuokoa ni Mama Jeanne. Hakuwa akinisalimia. Alichukua beseni, akaingia sokoni peke yake, meza kwa meza, akiomba kopo moja moja la unga kwa wamama wauzaji: kopo la mahindi hapa, la mtama pale, la soya kwa jirani. Alirudi shingo imemkakamaa, beseni limejaa, unga wa rangi tatu juu ya kichwa chake. Akalitua mbele yangu. "Sikufanya hii juu yako," aliniambia. "Nilifanya juu yao." Kisha akanitupia mwiko nikoroge.

Tangu hapo tunapika siku nne kwa wiki. Zamani ilikuwa saba, najua. Siku tatu zinazobaki napita njia ya mbali nisiione hopitali. Bui ni nyepesi kuliko yako, sukari inagombaniwa, na wawili kati ya wamama kumi wamekwenda kufanya kazi na lile shirika kwenye hopitali nyingine, ambako wagonjwa wanarekodiwa na wanakula kila siku. Siwasemi vibaya. Jumapili tunakaa benchi moja kanisani. Usiku wowote nikijiuliza nani kati yetu amekosea, silipati jibu, nalala.

Na sasa jambo la mwisho, lile lililonikalisha kuandika leo.

Simu yako ninayo mimi. Dada yako Masika alisema niishike kwa ajili ya namba za wamama. Lakini kila Jumapili anapiga mama yako kutoka Butembo. Hajaambiwa. Moyo wake ni dhaifu, ndugu walikubaliana wamwambie umeshikwa na kazi ya wagonjwa tangu vita. Mara ya kwanza nilipopokea, hakusalimu hata. Aliuliza: "Kavira, umekula?" Nikasema: "Mama, ni Riziki. Kavira ako na bagonjwa." Akanishukuru kwa kukusaidia. Nikakata simu nikaizima mpaka kesho yake.

Nimemdanganya hivyo Jumapili nyingi. Juzi aliniita kwa jina, polepole: "Riziki, munanificha nini?"

Nikampigia Masika. Akalia. Alisema habari ya kifo haipiti kwenye telefone, mtu anakuja nayo, anakaa nayo. Yeye anaishi jirani na mama, amekwenda mara mbili kumwambia, mara zote mbili akaishia kumpelekea kuni tu. "Miye sitaweza," alisema. "Wewe ulimuona akizikwa."

Magari ya Butembo yameanza kupita tena. Kesho asubuhi napanda. Watu wa nyumbani kwetu hawafurahi, mimi msichana wa Rutshuru kwenda peke yangu mpaka kwa Wanande siku kama hizi, Kinyarwanda chetu kikitiliwa shaka, njia kama ile. Hata hivyo mama yangu amenifungia maharagwe na siagi ya ng'ombe nimpelekee mama yako. Masika amenifundisha salamu za Kinande kwenye simu, nimezirudia mpaka anacheka.

Sijui nitaanza na neno gani. Mimi ambaye maneno ndiyo kazi yangu. Lakini nakuahidi hivi, Mama Kavira: nitaketi chini mbele yake. Nitamwambia ulikufa, na ulizikwa wapi, na nani walikubeba. Akinifukuza, nitakaa mlangoni. Akilia, nitalia. Akitaka kunyamaza mwezi mzima, nitanyamaza naye, nimtekee maji, na sitaondoka mpaka yeye mwenyewe aniambie, mutoto, sasa urudi kwenu. Na yatakayopita ndani ya nyumba ile sitayaandika popote.

Lala salama, Mama. Kesho nikiwa njiani, wamama watakuwa wanapika.

Mtoto wako,
Riziki