Kwa Shemegi Yangu Aliyepanda Mikono Mitupu

Shemegi yangu Faki,

Mgogoni wote wanakusalimu. Dada yako Asha mzima, mama yenu naye hajambo kwa kadiri ya umri wake, na mimi mkono wangu wa kulia bado umevimba kwa sababu nimemvunja mtu meno. Nakuanzia na hilo makusudi, najua ungecheka. Siku ya harusi yangu ulimwambia Asha anifiche visu vya jikoni, nina hasira za karibu. Hukukosea.

Niliyemvunja meno ni Omari, muuza kahawa wa pale njia panda. Alisikia kwa askari waliorudi vitani kwamba wewe ulivua silaha mbele ya adui ukataka kukimbia, naye akalisema barazani huku anamimina kahawa, kama mtu anayetaja bei ya samaki. Nilimpiga na birika lake la shaba mdomoni, akaanguka, nikamkalia kifuani nikaendelea kumpiga kwa ngumi mpaka wakanivuta kwa miguu. Polisi walinilaza ndani. Asha aliponiletea chakula aliniuliza kama nimeridhika, nikamwambia bado, yamebaki magego.

Watu wanadhani nilimpiga kwa ajili ya kaburi lako. Wewe uko mbali, chini ya matope ya Burma, hayakufiki ya Omari. Nilimpiga kwa sababu mama yako hununua vitumbua jirani ya baraza ile, na siku moja angesikia.

Wewe unakumbuka alivyokuwa wakati wa karafuu. Baba yenu alipanda na kisu kiunoni, tawi likamkatikia, maana mkarafuu haukuonyi, unavunjika tu. Alipofika chini kisu kilikuwa ndani ya tumbo lake chote, mpini tu nje. Wewe ulikuwa hapo, unaokota vikonyo, na ulinisimulia mara moja tu jinsi alivyokuwa akijaribu kurudisha matumbo yake kwa mikono yenye mchanga. Tangu hapo kila msimu mama yako alisimama chini ya mti akitupekua kama askari wa forodha. Kisu, ufunguo, pete, vyote vinabaki chini. Hata kigoe cha kuvutia matawi alikitaka cha mti mtupu, kisiwe na msumari. Akisema atakayepanda na chuma asirudi nyumbani kwake.

Sisi wengine tulimcheka tukishafika juu, na mimi nilikuwa nikificha kisu changu ndani ya kikoi kwa ukaidi tu. Wewe hukufanya hivyo hata siku moja. Ulikuwa mwanamume mwenye ndevu, umeshamzidi mama yako kimo na nguvu, na bado ulisimama mbele yake umenyoosha mikono akupekue. Nilikuwa nikikutania kwa hilo. Nilikupenda kwa hilo pia, ingawa sikukwambia, na leo nakwambia.

Basi tukaenda vitani pamoja. Kule Burma tuliyaona ambayo sikumsimulia mtu, hata Asha akiniamsha usiku nikipiga makelele humwambia nimeota jini. Lakini asubuhi ile nataka kuiandika, maana nimeisema mbele ya watu wengi na hakuna aliyeiandika sawasawa.

Tulikuwa tukishuka kwenda mtoni kuteka maji. Risasi ya kwanza ilimpiga sajini wetu shingoni, damu ikanirukia mdomoni, nikaitema na nyingine ikaja. Risasi ya pili ilimwingia kijana wa Kinyasa jichoni, akakaa kitako kama anayepumzika, nusu ya kichwa chake haipo. Tukalala matopeni. Mjapani yuko juu ya mti, hatumwoni, na kila anayenyanyua kichwa anapigwa. Tulipiga risasi kwenye majani mpaka mitutu ikatuunguza mikono na hakuna kilichoanguka ila majani.

Wewe ulikuwa ukiutazama mti. Wenzetu walikuwa wakitafuta mtu, wewe ulitafuta tawi ambalo mpandaji mwenye akili angekaa. Ukaninong'oneza kuwa kajifunga kamba penye panda, upande wa mtoni, na kwamba kwa nyuma unapandika. Ukavua viatu vile vya njumu za chuma. Ukavua kofia ya chuma, ukavua mkanda wenye singe. Bunduki ukailaza juu ya mizizi, ukaweka jani kubwa chini ya mtutu usiingie tope. Nilikushika kifundo cha mguu nikakwambia uchukue japo singe. Ulinitazama kama niliyekwambia ule nguruwe.

"Na mama je?" ukasema.

Ukapanda na kipande cha kamba tu. Sijaona mtu akipanda vile. Halafu matawi yakaanza kutikisika, nikasikia yule mtu akilia kwa pua. Ulimtia kamba shingoni kutoka nyuma. Alikupiga kwa kitako cha bunduki usoni, nilisikia mfupa wa pua yako ukivunjika nikiwa chini, naye akakung'ata mkono, wewe hukuachia. Miguu yake ilipiga majani muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza, kisha ikaacha. Akabaki ananing'inia kichwa chini katika kamba yake mwenyewe, ulimi nje, anadondosha damu.

Ukaanza kushuka. Ukasimama katikati, ukageuza uso kwenye mti wa pili, ukamwona mwenzake. Ulinyoosha mkono kutuonyesha, hivi, kidole kimesimama, ukakishikilia mpaka nilipofuata kwa macho. Ndipo yule wa pili akapiga. Ulipita kwenye matawi yote ukianguka, na nililisikia kila moja. Nikamimina risasi zote pale ulipoonyesha, yule mtu akashuka kama furushi, hajafa, nikamfuata na singe. Nilimchoma, akafa, nikaendelea kumchoma. Wenzetu walinivua mikono yangu kwenye bunduki kidole kimoja kimoja.

Luteni alifika mambo yote yamekwisha kunyamaza. Akaona viatu vyako vimepangwa pamoja, kofia, mkanda, bunduki imelazwa vizuri, na wewe kule umelala peku. Akili yake ikamwambia kuwa huyu alikuwa anavua ili akimbie vizuri. Nilimweleza, akaniambia ninyamaze. Sajini ambaye angemwambia kitu akamsikiliza alikuwa keshakufa. Baadaye wenzetu wakasimama wote kwa kapteni, jina lako likapelekwa juu kuombewa nishani ya ushujaa, likarudi limekataliwa, na sababu ikatangazwa gwarideni: aliacha silaha kwa hiari yake. Hapo ndipo uvumi ulipopanda meli ukaja nayo mpaka Pemba.

Tangu nirudi nimekuwa nikikata rufaa. Mudiri anayesimamia vijiji vyetu alinipeleka kwa Bwana DC, Bwana DC akaniambia nisubiri, nikasubiri, nikarudi kumsumbua tena mpaka tarishi wake akiniona hufunga mlango. Mwisho wiki iliyopita alikuja Chake afisa wa jeshi kutoka bara, kusikiliza malalamiko ya askari wa zamani. Nikaitwa. Mama yako aliposikia alivaa buibui lake la Idi akasema tunakwenda wote. Nilimkatalia, na unajua kumkatalia mama yako ni kazi bure.

Yule afisa hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi. Karani alikuwa akitufasiria. Nilisimulia yote isipokuwa kidole chako, kwa ajili ya mama, nikasema tu kuwa wa pili alikupiga ukishuka; nikamuonyesha nilivyokuwa nimelala na wewe ulivyopanda, na nilipofika kwenye kamba afisa aliacha kuandika akanitazama. Alisema ananiamini kuwa ulimuua yule mtu. Kilichobaki, akaniambia mwenyewe kwa Kiingereza, nacho nilikiokota jeshini, bila kumngoja karani, ni neno moja tu, nalo likijibiwa vizuri atalipeleka mwenyewe huko juu: kwa nini askari aliiacha bunduki yake, na singe yake, pale chini?

Sababu ninayo tangu siku ile, Faki, nimeibeba kinywani. Na mama yako amekaa ubavuni kwangu, goti lake limegusa langu. Ningeisema, wewe ungepata nishani, na Omari angepata la kutafuna kwa fizi. Na mama yako angejua kwamba ulikufa mikono mitupu kwa neno lake. Nikamwambia afisa kuwa bunduki ilikuwa nzito. Akangoja. Nikamwambia tena, ilikuwa nzito. Akatikisa kichwa, akasema askari wengine hupanda miti nayo, akashika kalamu.

Mama akamuuliza karani kilichoulizwa ni nini. Nilimkanyaga yule karani mguu, hakufahamu, akamfasiria lote, neno kwa neno. Niliona mkono wa mama umetoka kwenye buibui umeshika ukingo wa meza.

"Mwambie mie ndo nlomkataza," akasema. "Asipande na chuma. Tangu mdogo nlimkataza. Basi aandike jina langu, Mize binti Hamadi."

Afisa alimsikiliza karani mpaka mwisho. Akavua miwani. Akasema anasikitika sana, lakini askari akishakula kiapo hufuata amri za jeshi, si za mzazi, na akiipeleka sababu hiyo huko juu watacheka. Hakuandika jina la mama. Nilisimama, na wallahi ningempiga, meza ile ningemvunjia kichwani na ningefungwa mpaka mvi. Mama alinishika kikoi akanikalisha. Akamwambia karani amshukuru bwana kwa kutusikiliza, kisha tukatoka.

Nishani hukupata, shemegi. Nimekwenda nayo mpaka mwisho wake na mwisho wake ndio huo. Hapa Mgogoni sasa watu wanakusema vizuri, karani alilitoa nje lote, na Omari mwenyewe alituma kahawa nyumbani. Mimi niliimwaga. Asha alinigombeza.

Sasa nikwambie lile lililonifanya nikae kuandika. Tuliporudi tulishuka kwenye gari tukawa tunatembea njia ya mikarafuu, msimu umepamba moto, watu wako juu ya miti wanaitana, na kila mmoja alipomwona mama alitoa salamu. Aliziitikia zote. Tulipofika mahala hapana watu akasimama.

"Mwanangu, nambia kweli," akasema. "Huyo wa pili, Faki alimwona?"

Nikasema hakumwona.

"Angekuwa na bunduki, angewahi?"

Nikakikumbuka kidole chako, kilivyosimama muda wote ule, muda wa kutosha kulenga na kupiga.

"Asingewahi, mama," nikamwambia. "Hata angekuwa nayo."

Akanitazama sana. Kisha akasema, "Haya," akatangulia njia.

Mungu akulaze pema, Faki. Mtakapokutana na mama atakuuliza. Mwambie kama nilivyomwambia mimi.

Ni mimi shemegi yako,
mume wa Asha.