Bakari Kafunga Mbeleko

Dada Zaituni, shikamoo,

Basi tuendelee palepale! Ile barua iliyopita nilifika kwenye habari ya Asha, mke wa mdogo wetu Bakari, kwamba homa imemlaza hospitali, mara dereva wa basi la huko kwenu akapiga honi, nikampa karatasi hivyohivyo. Najua umekaa roho juu. Tulia, hajafa mtu. Mama hajambo miguu? Wanao je? Sie huku Temeke wazima, ila mie nimejimwagia mafuta ya vitumbua mguuni, nachechemea. Na hapa naandika mwenyewe, usicheke mwandiko. Kisomo cha watu wazima hicho!

Sasa sikia. Kule wodini watoto hawaruhusiwi kulala. Daktari kasema ziwa la Asha halina neno, mtoto wao mchanga aletwe anyonye asubuhi na jioni. Kumpeleka ilikuwa kazi yangu. Sasa siku niliyoungua, jioni imefika, nani ampeleke? Wanawake wote wa mtaa wako Pugu kwenye shamba la ujamaa, hawajarudi. Nyumbani nipo mie na mguu wangu umevimba kama kiazi, na Bakari katoka bandarini. Mtoto analia njaa, maziwa ya kijiko anayatema.

Nikamwambia, "Bakari, chukua kanga, mbebe mwanao mgongoni."

"Mie? Kuli mzima nipite mbele za watu na mbeleko? Nitamshika mkononi."

"Mkononi mpaka hospitali? Mikono ikichoka utamweka wapi, kichwani?"

"Dada, wenzangu watanionaje?"

"Mwanao anakufa njaa, wewe unawaza wenzako!"

Akakaa kizingitini, kanipa mgongo. Nikadhani kanuna. Kumbe analia! Bakari huyuhuyu, jandoni hakutoa hata kikohozi. Anasema, "Naogopa, dada. Asha akifa nitafanyaje mie? Na huyu kila nikimshika naona nitamvunja." Nikamfuta uso kwa upindo wa kanga, nikamfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Sasa mbele ya nyumba yetu pana baraza la kahawa, na makuli wenzake wamejaa. Katikati yao nani? Komba, yule Mngoni, mdomo kama redio! Nikasema leo tumekwisha. Mngoni ni mtani wetu sie Wamwera, akikutania huna ruhusa ya kununa.

Komba kumwona tu, "Jamani njooni! Mmwera kazaa! Hongera mama, umejifungua salama?"

Mwingine akadakia, "Mzazi apewe uji wa pilipili manga, asije akapata baridi!"

Watu wakavunjika mbavu. Mie mlangoni nasubiri Bakari arudi ndani mbio. Hakurudi. Kasimama palepale, anasema wote tunasikia: "Ndiyo, nimezaa. Mama yake yuko hospitali, sijui kama atarudi. Naogopa, Komba. Mtoto ana njaa. Nisindikize."

Komba akaweka kikombe chini. Akazunguka nyuma ya Bakari, akaitazama mbeleko. "Nani kafunga hivi? Mtoto si atateleza?"

"Dada Somoe."

"Dada yako anajua vitumbua tu."

Mwana hizaya! Akaifungua, akamfunga upya, miguu ikakaa sawa, kichwa kikalala, na mtoto akanyamaza! Wenzake wamekodoa macho. Akawaambia, "Mnatazama nini? Mama yangu aliumwa miaka, wadogo zangu wote nimewabeba mie. Nilikuwa siwaambii, midomo yenu naijua."

Mzee muuza kahawa akanung'unika, "Jando lenu limeharibika."

Bakari akamwambia, "Lilinifundisha kuvumilia kisu, mzee. Kumlea huyu halikunifundisha."

Wakaondoka, na wengine watatu wakafuata. Komba ndiye alonisimulia, wamembeba mtoto kwa zamu njia nzima kama gunia la sukari! Nesi langoni kauliza, "Mama wa mtoto ni yupi hapa?" Asha kumwona mumewe na kanga mgongoni, akacheka mpaka akakohoa. Toka alazwe alikuwa hajacheka. Halafu akalia, Bakari naye akalia, hao makuli wengine eti wanatazama dari.

Toka siku ile Bakari anampeleka mwenyewe, akiwa zamu bandarini, Komba ndiye anayempeleka. Na barazani pale, weee! Zamani walikuwaga na habari za mpira tu. Sasa huyu anasema hapati usingizi, yule anasema anamkumbuka mama yake. Mie dirishani sipitwi na neno. Jirani yangu kasema mumewe naye kaanza kumuuliza, "Umechoka?" Kaogopa, kadhani kafanya kosa!

Leo ndiyo siku yenyewe. Bakari na mtoto wamekwenda kumsikiliza daktari, Asha anatoka au homa ingali inamrudia. Nakuandikia huku sikio liko njiani.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie mwanawe wa mwisho kakua. Nisalimie shemeji, na shangazi mpika pombe, na wanao wote. Mjomba aliyempeleka Bakari jandoni usimwambie habari ya kulia. Au mwambie tu! Mwambie na mbeleko! Halafu nina habari ya balozi wetu wa nyumba kumi na yule mjane wa nyumba ya bati, hiyo ukae chini kwanza, maana juzi asubuhi mie nafagia uani, nikamwona

Dada, Bakari huyo ananiita! "Dada Somoe! Dada! Toka umpokee mtoto, mie nimemshika mkono mama yake!" Kamshika mkono njiani, mchana, baraza zima linatazama! Nakwenda!

Mdogo wako, Somoe